Wazazi Mafundi na Kazi za Watoto Wao

Mwezi huu twataka kulitafakari pamoja swali ambalo wazazi wengi wa pwani yetu ya Ziwa Nyasa hulichukua moyoni bila kulisema: je, mtu mwenye kazi ya mikono yampasa amvute mtoto wake aishike kazi hiyo, au amwondoe kwayo? Mvuvi hujiuliza anaposhona wavu wake, na seremala anaponoa randa, na fundi cherehani vivyo hivyo. Lakini hatutaki kusema juu ya mafundi wote kwa mara moja, maana maneno ya namna hiyo huwa mepesi kama makapi ya mpunga. Twachagua kazi moja iliyo karibu nasi, tuiangalie vizuri, nayo ni kazi ya vyungu ya akina mama Wakisi wa Ikombe.

Msomaji aliyepata kufika Matema siku ya Jumamosi alijua soko la vyungu la Lyulilo. Vyungu huja kwa mitumbwi na mashua, kwa kuwa upande ule Milima ya Livingstone hushuka hata ukingo wa maji, na njia nyepesi ya mizigo ni ya ziwani. Kutoka hapo vyaenda Kyela, na Tukuyu, na Mbeya, vikiwa vimefungwa vizuri visigongane. Havifanywi kwa mashine, wala kwa gurudumu la kuzungushwa kwa mguu kama la nchi nyingine. Mama hufinyanga kwa mikono yake, hulainisha, huacha vikauke, hupamba kwa udongo mwekundu na mweupe, ndipo huvichoma katika moto wa wazi. Tena ni vyepesi kuliko mtu anavyotazamia akivitazama kwa mbali. Wembamba ule wa ukuta wa chungu ndio ufundi wenyewe, wala mkono haujifunzi jambo hilo kwa siku moja.

Kazi hii haikuanza kwa kupenda mapambo. Wakisi wakaa katika nchi ya miteremko, yenye mashamba madogo, na chini yao kwa upande wa kaskazini lipo bonde pana la Wanyakyusa, lenye ndizi na nafaka tele. Watu wa bondeni walikuwa na chakula cha kupika lakini walihitaji vyombo vya kupikia. Wakisi walikuwa na udongo. Basi chungu kikaenda bondeni, nafaka ikarudi kwa mtumbwi. Na juu milimani walikuwapo Wakinga, wahunzi hodari, ambao majembe yao yalishuka kwa Wanyakyusa kwa namna iyo hiyo, yakabadilishwa kwa chakula. Hivyo nyumba ya Mnyakyusa wa zamani ililima kwa chuma cha Mkinga ikapika katika chungu cha Mkisi. Twawaomba wasomaji wawakumbuke hao wawili, Mkinga na Mkisi, kwa sababu kazi zao hazikupata mwisho mmoja.

Jembe la kiwandani lilipoingia katika nchi, lilikuwa rahisi, nalo lilipatikana dukani pasipo kungoja mhunzi. Kuchimba mawe ya chuma, na kuchoma makaa, na kuvukuta moto mchana na usiku, hakukuweza kushindana nalo. Wazee hawakuona tena sababu ya kuwafundisha vijana, na vijana hawakuona sababu ya kuuliza. Leo ujuzi ule wa kuyeyusha chuma milimani si kazi ya mtu tena. Ni habari tu. Lakini Wakinga wenyewe hawakupotea. Mtu akienda leo Makambako, au Njombe, au Mbeya mjini, au hata Kariakoo, atawakuta katika maduka, nao wajulikana nchi nzima kwa biashara. Watu waliozoea kubeba majembe kuteremka mlima wauze kwa wageni, walikuwa wamejifunza mambo mawili pamoja, kufua na kuuza. Kufua kulipokufa, kuuza kukabaki. Jambo hili twalitaja mapema, maana wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akiacha kazi ya baba yake amekwenda na mikono mitupu. Sivyo daima.

Chungu nacho kilipata adui zake. Kwanza sufuria ya alumini, kisha ndoo ya plastiki, ambazo hazivunjiki mtu akijikwaa njiani. Hata hivyo chungu hakikufa, na sababu yake si kupenda mambo ya kale tu. Maji katika mtungi wa udongo hupenya polepole hata upande wa nje, na upepo ukiyakausha huondoka na joto, na maji yaliyobaki ndani hupoa. Plastiki haina tundu hata moja la kufanya kazi hiyo. Nayo maharagwe, mtu aulize mpishi yeyote wa kwetu kama apenda yapikwe katika chungu au katika sufuria. Kwa hiyo mfinyanzi wa Ikombe bado ana wanunuzi. Swali ni kama atakuwa na warithi.

Sasa tusikilize sauti ya nyumbani. Mama anafinyanga, na binti yake wa darasa la sita ameketi karibu akiandika. Mama asema, “Mwanangu, soma kwa bidii, usije ukawa kama mimi.” Neno hili husemwa kwa upendo, nasi hatumlaumu asemaye. Amechoka, mgongo wamwuma, jana chungu kizuri kilipasuka motoni. Lakini tuliangalie neno lenyewe jinsi linavyoingia katika sikio la mtoto. Daftari lililo mapajani mwake lilinunuliwa kwa chungu. Sare yake pia. Yule amwambiaye asiwe kama yeye ndiye mtu amwonaye kuwa hodari kuliko wote kijijini, awezaye kuufanya udongo usimame wima pasipo kuanguka. Basi mtoto ajifunza kwamba ustadi ule ni aibu, na kwamba mama yake alishindwa maisha. Hakuna mwalimu wa shule aliyemfundisha hivyo.

Tena mara nyingi neno hilo lina mwenzake. Matokeo ya mtihani yakitoka, na mtoto akikosa nafasi ya kuendelea, mama yuleyule asema, “Basi, njoo ushike udongo.” Hapo ndipo kazi yapata pigo lililo baya kuliko la ndoo ya plastiki. Imekuwa adhabu. Mtoto mwenye akili ya darasani amefukuzwa asiiguse, na mtoto aliyeanguka amefungwa kwayo. Miaka 20 ikipita hivi, twatazamia nini? Kazi itakuwa mikononi mwa watu walioambiwa kwamba ni ya wasiofaa, nao wataifanya hivyo. Sisi twasema wazi kwamba jambo hili, katika nyumba za mafundi wa namna zote, twaliona kuwa kosa kubwa kuliko kumlazimisha mtoto na kuliko kumwacha.

Wasomaji wa kanisa letu watapenda kujua kwamba swali hili lilimgusa Martin Luther mwenyewe, nyumbani mwake. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa kazi ya shaba huko Mansfeld. Hakutaka kijana wake aingie katika moshi wa tanuru. Alimpeleka shule ili awe mwanasheria. Mwaka 1505 Martin akaingia nyumba ya watawa huko Erfurt, na baba akakasirika sana. Hivyo hakuwa mtu wa shaba wala mwanasheria. Lakini mwaka 1524, alipowaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani kuwahimiza wafungue shule, aliona hofu ya wazazi mafundi, waliosema kwamba hawawezi kuwatoa watoto katika kazi ya nyumbani. Shauri lake lilikuwa kwamba mvulana asome saa moja au mbili kwa siku, na saa zilizobaki ajifunze kazi nyumbani; na msichana vilevile apate saa yake ya shule pasipo kuacha kazi za nyumba. Hatuleti saa zake kuwa sheria kwetu. Leo saa mbili hazitoshi, na elimu ya msingi ni ya lazima kwa kila mtoto katika nchi yetu. Lakini twaona kwamba hakukubali kuweka shule upande mmoja na kazi ya mikono upande mwingine kama maadui. Mtoto mmoja, siku moja, apate vyote viwili.

Nchi yetu nayo imezunguka njia ndefu mpaka ikakaribia neno hilo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1994 ndiyo iliyoleta VETA. Na baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 kutengenezwa upya katika toleo la 2023, mkondo wa amali ulianza mwaka 2024 katika baadhi ya shule za sekondari, ili kijana asome sekondari na kujifunza ufundi pamoja. Twalifurahia jambo hilo. Lakini useremala wafundishika chuoni, na umeme, na ushonaji, kwa kuwa vitabu vyake vipo na walimu wapo. Wembamba wa chungu cha Ikombe haufundishwi kwa kitabu. Upo katika vidole vya wanawake wa vijiji vichache, wala hauna akiba mahali pengine. Kizazi kimoja kikinyamaza, umekwisha, kama chuma cha Wakinga.

Je, kwa sababu hiyo binti alazimishwe? Hasha. Mtoto hakuzaliwa kuwa ghala la kutunzia ufundi wa taifa. Wageni wafikao Matema kuogelea hupenda kutazama vyungu na kusema kwamba desturi hii isipotee. Lakini wao hawachukui udongo kichwani. Asiyebeba mzigo asimwamuru mwingine aubebe. Pia iko sheria: kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto aliye chini ya miaka 14 hawekwi kazini kama mtu wa kuajiriwa, na kazi yoyote ya kumdhuru au kumzuia asisome imekatazwa. Kumwonyesha binti namna ya kulainisha ukingo wa chungu jioni si kumtumikisha. Kumtoa shule siku ya soko awe mpakuzi mtumbwini ni kumtumikisha, hata kama ni mtoto wako mwenyewe.

Shauri letu, basi, ni hili: fundi amfundishe mtoto wake kazi yote, wala asimfunge nayo, na katika kumfundisha, asimfiche hesabu yake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo tutakayokaa nayo kidogo, maana ndiyo isiyofanywa.

Wazazi wengi hufundisha mikono, wakaacha fedha gizani. Mtoto ajua kufinyanga, hajui kama kufinyanga kwalipa. Tufanye hesabu ya mfano tu, na kila nyumba itie namba zake za kweli. Tuseme mama amefinyanga vyungu 20. Vitatu vikapasuka motoni, viwili vikavunjika njiani, vimebaki 15. Tuseme kila kimoja kimeuzwa shilingi 3,000. Jumla ni 45,000. Aondoe kuni, tuseme 9,000, na nauli ya mashua kwenda na kurudi, tuseme 6,000. Zabaki 30,000. Na kama tangu kuchimba udongo hata kurudi kutoka sokoni alitumia siku 10, basi siku yake moja ilikuwa na thamani ya shilingi 3,000. Mama wengi hawajapata kuliona jambo hili limeandikwa. Waliona 45,000 mkononi siku ya Jumamosi, wakafurahi. Jumatano fedha hazipo, wakadhani zimeliwa na bahati mbaya.

Sasa binti wa darasa la sita ndiye aifanye hesabu hii, kwa daftari lilelile. Hapo shule na chungu vimekutana. Naye akiifanya, ataanza kuuliza maswali ambayo mama hakuwa na nafasi ya kuyauliza. Vile vyungu vitatu vilipasuka kwa nini, je, vilikuwa havijakauka vya kutosha? Vikipungua mpaka kimoja, faida yaongezeka kiasi gani? Yule anunuaye kwa jumla Lyulilo akavipandisha gari mpaka Mbeya, auza kwa bei gani huko? Labda ataona kwamba fedha nyingi haipo katika udongo, ipo katika njia. Ndipo atafanya kama Wakinga walivyofanya, atashika njia; au wafinyanzi watano watashirikiana kukodi gari lao. Labda pia ataona kwamba hesabu haifai hata ikigeuzwa namna gani, akasema, “Mama, mimi nitasoma uuguzi.” Huyo hakudharau kazi. Ameipima.

Na mzazi akubali kipimo hicho, hata kikiwa kichungu. Ziko kazi ambazo mzazi mkweli atamwambia mtoto asizitegemee peke yake. Mchongaji wa mitumbwi ambaye miti mikubwa imekwisha karibu naye, afanyeje? Mvuvi ambaye wavu wake wapata usipa wachache kuliko wa baba yake, amwambie mwanawe ukweli huo, na afadhali amfundishe kushona wavu na pia kutengeneza injini ya mashua.

Juu ya namna ya kufundisha tuna neno moja. Fundi mwenye subira kwa mwanafunzi wa kulipa mara nyingi ni mkali kupita kiasi kwa mtoto wake mwenyewe. Aona aibu yake katika kila kosa la mtoto. Kwa hiyo watu wa nchi nyingi waliona heri mtoto akajifunze kwa fundi mwingine. Huko Ujerumani kijana wa ufundi alipomaliza kujifunza alitoka akasafiri mji kwa mji, akafanya kazi kwa mabwana wengine kabla ya kukaa mahali pake. Na hapa petu hapa, Wanyakyusa wa zamani waliwaruhusu vijana wa miaka 10 hivi waondoke kwa wazazi wakakae na marika wenzao katika kijiji chao wenyewe. Lakini walirudi kulima shamba la baba na kula kwa mama. Monica Wilson, aliyekaa na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa miaka ya 1934 hadi 1938, aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Vijana wale walilala mbali na baba, ila jembe waliliinua shambani mwake. Mama mfinyanzi aweza kumpeleka binti yake kwa shangazi au kwa jirani alaye udongo uleule, na kumpokea wa jirani kwake. Machozi yatapungua pande zote mbili.

Yafaa tukumbuke pia kwamba hakuna kazi iliyoanza kwa urithi. Misheni ya Berlin na ya Moravia zilipofika katika nchi hii mwaka 1891, vijana waliojifunza kupasua mbao na kuchoma matofali hawakuwa wana wa maseremala wala wa waashi wa namna ile. Baba zao walilima na kufuga. Kama baba wale wangesema kwamba mtoto lazima afuate kazi ya nyumbani, wajukuu wasingekuwa na randa ya kurithi.

Katechista atakayesoma habari hii pamoja na wazazi apate mahali pawili katika Maandiko pa kuwafungulia. Kutoka 35:34 pasema juu ya Bezaleli na Oholiabu, mafundi wa hema, kwamba zaidi ya akili ya kazi walitiwa moyoni jambo la kuwafundisha wengine. Msomaji aone kwamba hao wengine hawakutajwa kuwa ni watoto wao tu. Na Marko 1:20 yasimulia Yakobo na Yohana wakimwacha baba yao Zebedayo katika chombo. Wengi husoma mstari huo wakamhurumia mzee, wakapita upesi. Lakini Marko aongeza neno dogo: Zebedayo alibaki pamoja na watu wa mshahara. Wana wawili waliondoka, na nyavu zikaendelea kutengenezwa, kwa sababu mle chomboni walikuwamo watu wengine waliojua kazi.

Basi mfinyanzi wa Ikombe ambaye binti zake watatu wamekwenda, mmoja kufundisha shule, mmoja kuolewa mbali, mmoja dukani Mbeya, asiseme kwamba kazi imekufa nyumbani mwake. Amtafute mtoto wa dada yake, au yatima wa kijiji, au kijana wa kiume kama apenda, ingawa desturi imewapa wanawake kazi hii. Amwonyeshe mahali udongo mzuri unapochimbwa, na namna ya kuujua kwa vidole. Na siku ya soko ampe sehemu yake ya fedha mkononi, siku iyo hiyo, baada ya kuhesabu pamoja naye kuni na nauli.